Uhamisho wa Niragira

Kasulo, Ngara
18 Agosti 2002

Mpendwa Niragira,

Amahoro, mwenzangu. Nakuletea salamu za miaka saba kwa mara moja, kwa hiyo zipokee polepole. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na shangazi yako hapo Biharamulo mjini, cherehani inazunguka, na kile kikohozi chako cha majira ya vumbi kimekuacha. Mimi ni mzima wa mwili. Mama hajambo, isipokuwa goti. Aliposikia ninakuandikia alisema nikuambie kwamba ule mgomba mlioupanda nyuma ya jiko, wewe na yeye, umeshazaa watoto hadi umefika kwenye ua wa jirani, na kwamba kila akikata mkungu wake bado anausema kuwa ni wa Niragira. Baba naye anakusalimu. Anauliza kama siku hizi unakula uji bila kulazimishwa.

Barua hii anakuletea kaka yako Ndizeye. Nimemwomba akikukabidhi aende zake sokoni, asikae kukutazama ukisoma. Ndani yake utakuta karatasi nyingine ndogo, imekunjwa mara nne. Tafadhali usiifungue kwanza. Soma hii hadi nitakapokuambia, ndipo uifungue ile.

Najua utaanza kwa kuutazama mwandiko. Ulizoea kusema kwamba mwandiko wangu unatembea kama mtu anayekwenda kanisani. Sasa ndiyo kazi yangu. Tangu Januari nafundisha darasa la tatu hapa Kasulo, na watoto wangu wanaandika herufi zilizolala upande mmoja kama zangu. Bonde lile lililojaa mahema ya Wanyarwanda sasa ni nyasi tupu, miti haijarudi. Lakini watoto bado wanahama shule katikati ya mwaka kama enzi zetu. Mmoja baba amepata kibarua Nyakanazi. Mwingine mama amerudi kwao baada ya ugomvi. Wengine ni watoto wa watu kama ninyi, waliozaliwa hapahapa. Wazazi wamesikia kwamba Warundi wa kambi ya Lukole watarudishwa makwao, wanaona heri wasogee mbali kabla hawajaulizwa. Mwalimu Mkuu hunipa mimi kuandika barua zao za uhamisho, kwa sababu ya mwandiko. Kwa hiyo unaona, sijaenda mbali na pale uliponiacha.

Mwezi wa sita nilikutana na Ndizeye kwenye gulio la Benako. Sikumwona mimi, yeye ndiye aliyenisikia. Nilikuwa namwambia muuza chumvi kwamba bei aliyoandika kwenye ubao ina herufi moja isiyo yake, na sauti nyuma yangu ikasema, “Bi Kamusi, hujaacha tu?” Niligeuka nikakuta macho yako kwenye uso wa mwanamume. Tulisimama karibu na magunia yake ya makopa ya muhogo, tukaulizana habari za watu mmoja baada ya mwingine, na nilipofika kwako nikauliza kwa furaha ulipangiwa sekondari gani. Nilikuwa na hakika. Miaka yote hii nimekuwa nikikuwazia umevaa sare ya mahali fulani, ukichekesha bweni zima.

Akaniambia kwamba kule Bisibo mlikohamia hukukalia dawati hata siku moja.

Aliyonisimulia unayajua kuliko yeye, lakini acha niyaandike kama nilivyoyasikia, ili ujue ninachokijua. Alisema baba yako alikupeleka shule ya huko mlikohamia siku ya tatu baada ya kufika, sketi yako ya bluu ikiwa haijakauka vizuri. Alisema mwalimu mkuu wa pale alikuwa mgeni kutoka Tanga, mtu ambaye kwao r ni r na l ni l, na hajazoea ndimi zetu. Alifungua barua yako ya uhamisho, akaisoma, akamwambia baba yako kwamba nafasi ni chache na hawezi kumpa msichana ambaye mahari yake imeshazungumzwa. Arudi shule yetu ya Mbuba akalete barua nyingine, au amwoze binti na asiwasumbue walimu. Baba yako, ambaye hajui kusoma, akadhani hajasikia vizuri. Ukaomba uione karatasi mwenyewe. Pale palipoandikwa Sababu ya kuhama palikuwa na neno moja tu, mahari.

Baba yako aliapa kwamba hajazungumza na mtu yeyote. Alisema ni kalamu za hawa Wahangaza wa Ngara, zinachanganya r na l kama midomo yao. Na hapo, Ndizeye aliniambia akitabasamu kidogo, kwa sababu alidhani ananisifu, wewe ukajibu mbele yao wote:

“Aliyeandika hii ni Eustakia. Eustakia hakosei r na l. Kama ameandika mahari, basi amesikia mahari.”

Ukamkumbuka Laurian, dereva aliyewahamisha kwa lori lake. Ukauliza ni nani hubeba mizigo ya watu kutoka Mbuba hadi Bisibo bure. Baba yako akasema Laurian alikuwa analipa chakula cha mama yako, na wewe ukasema ndiyo, nimeona atakavyolipwa yeye. Kabla wiki haijaisha ulikuwa kwa shangazi yako mjini. Hakuna mwanamume aliyewahi kuja kuulizia. Baba yako akatuma watu waje wakuambie, unaona, hakuna aliyekuja. Ukawajibu kwamba hakuja kwa sababu uliondoka.

Miaka saba, Niragira. Ndizeye anasema kila Krismasi unamshonea baba shati na kumpa yeye alipeleke, na baba analivaa siku ileile, lakini hujakanyaga uwanja wake. Anasema miguu ya mzee imevimba, sasa hatembei kupita mlango wa zizi. Anasema mzee amefika mahali pa kumwuliza kila mgeni anayetoka mjini kama amepita kwenye duka la ushonaji.

Niache nirudi kwenye mwaka ule. Unaujua, lakini unaujua kutoka upande wako wa dawati.

Unakumbuka ilivyokuwa. Kufikia mwaka tisini na tano walimu wetu wanne walikuwa wameshaacha chaki wakaenda kuajiriwa kambini. Tulibaki na Mwalimu Malongo, akifundisha la sita na la saba katika chumba kimoja, sisi tukitazama ubao wa mashariki na wao wa magharibi, na yeye katikati amevaa miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka. Kila wiki dawati moja lilipungukiwa mtu. Waliohamia kwa babu, waliofuata baba kwenye kazi, waliopelekwa mbali kwa sababu maji ya kisima yalikuwa yameleta kuhara. Mwalimu Malongo hakuwa na muda wa kuandika, na usiku mishumaa ilikuwa haba. Akaniita mimi. Nikawa nakaa kwenye kona ya ofisi yake wakati wa mapumziko, na zile nusu karatasi zilizopigwa stensili, yeye akitaja na mimi nikijaza. Kwenye nafasi ya sababu hakupenda hadithi. Alikuwa na maneno yake matatu. Aliyehama na nyumba yao ni mahali. Aliyemfuata mzazi kazini ni kazi. Mwingine yeyote ni ugonjwa. Kisha aligonga muhuri bila kusoma, kwa sababu miwani ilimwumiza, na kwa sababu aliniamini.

Nikwambie jambo ambalo hukulijua. Nilipenda kona ile. Nyumbani nilikuwa mtoto pekee, darasani walinicheka. Waliniita Bi Kamusi kwa sababu nilimsahihisha kila aliyesema kurara na kura chakura. Wewe pekee uliligeuza jina lile likawa cheo. Ulikuwa unawaambia wasimsumbue Kamusi wako, kwamba siku moja utanifungua utafute maana ya maisha. Mwalimu Malongo, Msukuma yule, alikuita Nilagila hadi siku ya mwisho, na wewe ulikuwa unaitika kwa heshima halafu unanikanyaga mguu chini ya dawati ili nicheke mimi nichapwe.

Na lori la Laurian. Lilipoharibika mvua za Machi, likitoka Rulenge na unga wa kambini, likalala siku tatu mbele ya kwenu, na mama yako akampikia Laurian siku zote tatu kama mtoto wake. Sisi tukapata sentensi yetu. Njia nzima ya kwenda kisimani nilikushika kidevu ukiirudia: lori la Rulenge limelala barabarani. Na wewe, kwa makusudi au si kwa makusudi, sikuwahi kujua: rori ra Rurenge rimerara barabarani. Ukacheka hadi ndoo ikamwagika, ikabidi turudi kuchota tena, na mama yangu akatugombeza sote wawili kana kwamba tulikuwa wake. Ulisema ulimi ni wako, na kama l inautaka, ije yenyewe iombe.

Lakini ulijifunza. Hilo ndilo linaloniuma ninapoandika. Mwezi wa nne ulikuwa unasema lala, lipa, lori, kama mtu wa redioni, na ukaniambia kwamba sasa kila ukiwa na mashaka na neno huulizi mtu mwingine, unaniona mimi kichwani nikiliandika, na nilivyoliandika ndivyo lilivyo.

Halafu watu wa kijiji wakaanza kuuliza maswali. Baba yako, aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa kijana, aliyechoma pamoja na baba yangu matofali ya darasa letu lile, akaulizwa yeye ni wa kambi gani. Akajibu mara ya kwanza. Akajibu mara ya pili, akaonyesha karatasi. Mihogo yake ilishang'olewa, miti yake ya mbao ilishakatwa ikapikiwa. Mara ya tatu hakujibu, akaenda kumtafuta Laurian. Baba yangu alimfuata hadi barabarani kumsihi. Alirudi akasema baba yako, Nduwayo, hakuwa na hasira hata kidogo, na kwamba hilo ndilo lililomtisha.

Wewe uliniambia siku ya Ijumaa, kwa sauti ya kawaida, ukichonga penseli. Ulisema mnaondoka Jumapili baada ya misa. Miezi mitano ilikuwa imebaki kabla ya mtihani wetu wa darasa la saba. Ulisema nisimpe mtu nafasi yako kwenye dawati. Nikakuuliza kwa nini, kama hurudi. Ukasema, “Wewe itunze tu.”

Niliitunza. Hilo nalo nitakueleza.

Baada ya kuachana na Ndizeye pale gulioni sikuweza kufundisha vizuri hadi shule ilipofungwa. Shule ilipofungwa nilikwenda Bisibo. Ndizeye alinipokea kituoni kwa baiskeli. Nilimwamkia baba yako shikamoo akiwa ameketi mlangoni, akaitikia marahaba, akanitazama muda mrefu, akataja jina la baba yangu kabla ya langu. Alilia kidogo, kisha akajifuta na kuagiza niletewe kiti cha mgongo, kwa sababu mwalimu hakai kwenye mkeka. Niliona vibaya kukaa juu kuliko yeye, ila ndivyo alivyotaka. Nilikaa. Tulikula maharage na ndizi, akaniuliza habari za kila mtu wa Mbuba, hata za waliomwuliza kambi. Aliwauliza kwa majina, na alifurahi kusikia wazima.

Alikuwa amevaa shati lako la Krismasi, lile la mistari ya kijani. Kola umeipiga mishono miwili. Niliitazama kola ile wakati wote kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

Kisha akamwambia Ndizeye alete kisanduku. Kisanduku cha bati, unakijua. Ndani mna karatasi zote ambazo serikali na kanisa viliwahi kumpa: cheti cha ubatizo, kadi zenu za kliniki, ile karatasi ya mwaka sabini na mbili iliyobaki rangi tu bila maneno. Na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, barua yako ya uhamisho. Aliichukua kwa mikono miwili akanipa. Alisema miaka saba amekuwa na karatasi ile na hajawahi kumpa mtu amsomee, kwa kuwa aliona aibu ya mtu wa tatu kuisikia. Lakini mimi ni mtoto wa Desderius, na tena ni mwalimu. Akaweka kidole penyewe. Hajui kusoma, lakini alijua penyewe. Akaniambia nimsomee hapo panasemaje.

Nilikuwa nimeshika mwandiko wangu wa umri wa miaka kumi na mitano. Muhuri wa Mwalimu Malongo umepinda kama kawaida. Wino haujafifia. Nikasoma kwa sauti, “Mahali.”

Akaomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza mahali maana yake ni pale mtu anapokaa, siyo kitu kingine. Nikasema ndiyo, mzee, ni pale mtu anapokaa. Alitikisa kichwa taratibu, akamgeukia Ndizeye akasema kwa Kirundi kwamba kumbe yule wa Tanga ndiye hakujua kusoma. Na kwangu akasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, kana kwamba yuko mbele ya baraza:

“Mwarimu, mimi sikura kitu juu ya mwanangu. Mperekee karatasi hii. Wewe anakuamini.”

Niliichukua. Imekuwa kwenye mfuko wa mkoba wangu tangu siku ile, na leo iko ndani ya barua hii.

Ningeweza kukuandikia ukurasa mmoja tu, Niragira. Ningekuambia kwamba nilikosea, kwamba hata mimi siku ile ulimi wa nyumbani ulinishinda, nilichoka, jua lilikuwa kali, na neno likatoka kama lilivyotoka kwenye midomo ya kila mtu. Watu wote wangeniamini. Baba yako ameshaniamini. Lakini wewe uliiona karatasi kwa macho yako, na wewe peke yako duniani unajua kwamba mimi sikosei hapo.

Sikukosea.

Ilikuwa Jumamosi, siku uliyokuja na Ndizeye kuchukua barua. Ninyi mlikuwa nje. Mwalimu Malongo alitaja jina lako, nikaandika. Akataja tarehe, nikaandika. Akasema, “Sababu, mahali. Andika halaka, mtoto, wanasubili.” Alisema mahali. Hakuwa na neno lingine. Niliandika m, a, h, a, nikainua kalamu. Dirishani nilikuona umesimama juu ya jiwe la kengele, ukijaribu kusimama kwa mguu mmoja, na Ndizeye anakuhesabia. Nikaweka r. Nikamaliza neno, nikamsogezea karatasi, akagonga muhuri.

Sababu yake ni hii. Mwezi wa pili mwaka ule msichana mmoja alikuja kwetu kutoka shule ya upande wa Rulenge, barua yake ikiwa na kasoro ndogo ya tarehe. Mwalimu Malongo alimrudisha alikotoka akalete nyingine, na wazazi wake waliona safari ni ndefu, wakamwacha amalizie kulekule kwa bibi yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ile karatasi. Nikajifunza kwamba barua mbovu humrudisha mtu. Hicho tu ndicho nilichokitaka. Nilipanga Jumatatu ufike, Jumanne wakukatalie, Jumatano baba yako akasirike aseme basi, na Ijumaa uwe mlangoni mwa darasa na kibegi chako, ukae kwetu hadi mtihani upite. Nilikuwa nimeshamwambia mama atafute godoro. Muulize. Yeye hadi leo anadhani nilikuwa naota tu.

Mahari yenyewe sikuifikiria hata kidogo. Naomba unielewe hapo, siyo unihurumie. Sikuona mwanamume wala ng'ombe wala aibu ya baba yako. Niliona herufi. Niliichagua kwa sababu ilikuwa herufi ambayo mtu yeyote wa kwetu angeikosea, na hakuna ambaye angenishuku. Nilimsahau mtu mmoja tu ambaye asingeamini kwamba ni kosa, na mtu huyo nilimfundisha mimi mwenyewe, njia nzima ya kisimani, nikiwa nimemshika kidevu.

Ijumaa hukuja. Nikasema labda ni mvua. Nikaiwekea nafasi yako daftari langu la hesabu ili mtu asikae. Mwezi wa sita wakaniletea msichana wa darasa la sita, nikamwambia dawati lina mguu mbovu. Nilifanya mtihani nikiwa peke yangu upande wangu, kiwiko changu hakikuvuka mstari wa kati, ule uliouchora kwa msumari. Nikafaulu. Walinishangilia. Nilikwenda sekondari, kisha chuo cha ualimu, na kila mahali nilikuwa nikikaa ukingoni mwa benchi kwa mazoea. Sikukuandikia. Nilijiambia kwamba sijui anwani. Ukweli ni kwamba niliogopa ungenijibu, na katika jibu lako ungeniuliza kuhusu neno lile.

Kwa hiyo baba yako alisema kweli. Alisema kweli siku ya kwanza pale ofisini, na akasema kweli kila mara alipotuma mtu. Laurian alibeba mizigo kwa ajili ya sahani za mama yako na hakuna zaidi. Hakuna aliyekuuza. Uliiamini r yangu kuliko neno la baba yako, na mimi ndiye niliyekufundisha kuiamini hivyo.

Jana nilikuwa na karatasi hii mezani pamoja na kalamu ya wino uleule wa bluu. Niliitazama kwa muda mrefu. Mkia wa ile r ni mfupi. Ningeuvuta juu mara moja, ikawa l nzuri, na ungeanza kutilia shaka macho yako mwenyewe. Mkono wangu unajua kufanya hivyo. Nimeikunja kwenye mikunjo ileile ya baba yako. Sasa unaweza kuifungua.

Sikuombi uniandikie. Sikuombi unisamehe, au labda naomba, lakini hilo lisikucheleweshe. Nenda Bisibo kwanza. Nenda kabla ya mvua za vuli, wakati barabara bado inapitika. Mzee anakaa mlangoni tangu asubuhi, upande ule ambao mtu huonekana akiwa bado mbali. Na ukifika usimwambie mimi nilivyomsomea. Hilo niachie. Wiki ya likizo mwezi ujao nitakuja mwenyewe nimsomee tena, neno lilivyo, na kumwambia Ndizeye pia, kwa sababu amenibeba kwenye baiskeli yake bila kujua alichokibeba. Wewe ulistahili kujua wa kwanza.

Hapa shuleni, kwenye nafasi ile ya sababu, siandiki tena neno moja peke yake. Naandika hadi pembeni, nageuza karatasi: mtoto huyu anahama kwa kuwa wazazi wake wamehamia kijiji fulani, wanalima, ni mtoto mwema, anajua kusoma, tafadhali mpokeeni. Mwalimu Mkuu ananicheka, anasema siandiki uhamisho, naandika maombi.

Nisalimie shangazi yako, umshukuru kwa kukutunza. Nisalimie pia yeyote anayekaa karibu nawe kwenye kazi. Mama anakutumia ndizi hizi alizobeba Ndizeye. Zile ndogo zilizo juu zimeiva, zile kubwa zisubiri siku mbili. Baba anarudia swali lake la uji.

Na kama siku moja Mungu atatukutanisha njiani, kisimani au gulioni, na ukaniambia rori ra Rurenge rimerara, nitasimama nikusikilize hadi mwisho. Sitakusahihisha.

Ni mimi niliyekaa nawe dawati moja,

Eustakia Desderius